Lugha ya Hiari

Shaame kaja dukani kwangu, Jadida, Wete,
kompyuta kaizinga kanga ya bibi yake.
"Yakhe, mchezo hautaki kuingia."

Gigabaiti sitini zimebanwa zikawa ishirini,
kama nguo za safari ya Maskati
mtu kapanda juu ya begi ndipo zipu ikafunga.
Siku tisa kazishusha, usiku tu,
kwa bando la manane, ndilo rahisi,
vipande kumi na vinne, kimoja kimoja.

Tukabonyeza. Ikafungua, ikafungua,
feni ikalia kama mashine ya kukunia nazi,
arubaini, sitini, themanini na saba,
kisha kidirisha:
Kosa. Hasi kumi na mbili.

Nikazima kinga ya virusi,
ile huwatafuna hata wageni tuliowaalika.
Nikahamisha folda, nikaipa jina fupi lisilo nafasi.
Nikafuta video za harusi mbili (kwa ruhusa)
diski ipate kuvuta pumzi.
Nikapima kila kipande kwa namba yake:
kumi na vitatu vizima. Cha tisa kimeoza katikati,
pale umeme ulipokatika Jumanne;
akumbuka mwenyewe, alikuwa akihesabu.
Tukakishusha upya.
Themanini na saba.
Kidirisha.

"Hebu, vifurushi vya lugha umevishusha?"
Kakuna kichwa. "Si vimeandikwa hiari?"
Kiingereza kakiacha, gigabaiti mbili si mchezo.
Kifaransa kakiacha, na Kirusi, na Kijapani.
Kiswahili hakikuwamo hata cha kuachwa.
Nikamwambia: hiari ni kuchagua ipi,
siyo kukaa bila hata moja.
Mchezo nao wataka mdomo.

Bando lililobaki lilitosha kifurushi kidogo kuliko vyote.
"Kireno?"
"Kireno. Megabaiti mia tatu na kitu."
Saa tano na robo ikafika mia.

Baada ya adhuhuri Bi Mize kaja kuidai kanga yake.
Kasimama nyuma yetu, kavaa miwani,
akasoma menyu kama asomaye barua ya jirani:
"Bandeira. Mesa. Carta."
Kacheka hata akashika meza.
"Bandera, meza, karata!
Wajukuu, hii ilishaingizwa humu zamani.
Aliyeiingiza kafukuzwa,
faili zake zimebaki,
na yule ng'ombe tunayemcheza mvua zikichelewa."

Shaame hakusikia. Alikuwa juu ya paa la mtu,
anakimbia, anaruka, midomo ya watu yatikisika
na sauti haitoki.
Hilo la kesho.

Nikamwandikia risiti, shilingi elfu tatu.
Kwenye mstari wa maelezo nikaweka:
kipande cha tisa,
na mdomo.