Ndoo

Siku ya kwanza Matondoni
Bi Mwanashee alisimama chini ya ngazi akaniita: "Ndoo!"
Nikashuka na ndoo.
"Ndoo tuteke," akasema.
Nikauliza kisima kiko wapi.
Ua mzima ulianguka kwa kicheko, hata mbuzi akainua kichwa,
na ndipo nilipojua kwamba Kiswahili nilichotoka nacho Muleba,
kile nilichofaulu kwa alama ya juu,
hapa kinaingia nyumbani na viatu.

Kwao ndoo ni njoo. Kuteka ni kucheka.
Mtu aliniita nikacheke naye,
nami nikamletea plastiki.

Jumanne napima watoto zahanati.
Mzani unaning'inia kwenye boriti, mtoto kwenye mzani,
analia kwa hasira ya mtu mzima aliyedhulumiwa.
Kilo sita na robo, naandika. Kilo tano. Tano tena.
Wa Khuleta ameshuka nusu kilo.
"Weye si daktari?"
Mimi si daktari.
"Basi umekuya kufanyani?"

Kabla ya hapo aliniuliza nalipwa ngapi.
Silipwi, nilimwambia, nimejitolea.
Akanitazama kwa huruma ya kweli:
"Kwenu ulifanya kosa gani?"

Usiku nalichambua neno hilo kama dagaa.
Kutoa. Kujitoa. Kujitolea.
Darasa la pili tulijifunza kutoa kwa vijiti vya ufagio:
kumi toa moja, tisa toa moja.
Mwalimu hakusema, ukishajitoa mwenyewe,
ni nani anayekaa kuhesabu vijiti vilivyobaki.

Watoto wananiita Kuku,
maana Kokugonza halikai mdomoni.
Nikinunua mayai mawili kwa Lali,
habari hunitangulia kichochoroni:
Kuku ala mayai! Kuku ala mayai!
Nacheka. Siku nyingine nazunguka nyuma ya msikiti
nisionekane na mfuko.

Mama anapiga: uko nje ya nchi,
na jiko letu bado linavuja?
Posho ina miezi miwili haijaonekana.
Mtandao mbaya, Mama, sikusikii.
Namsikia hadi anavyopumua.

Kisha ikaingia Ramadhani.
Hakuna aliyenikataza chochote.
Mwenyewe nilifunga dirisha, nikajifunika kanga kichwa kizima,
nikanywa maji kwa vijifunda, nisisikike nikimeza,
kama mwizi anayeiba mali yake.
Siku ya nne, adhuhuri, nikafungua mlango:
sahani kizingitini, imefunikwa kawa.
Wali wa nazi, kipande cha nguru.
Chumvi imekolea sawasawa,
na aliyepika amefunga.

Nililia juu ya wali ule.
Ningetukanwa, ningejua la kufanya.
Wema wa namna hiyo unautundika wapi?
Mzani wangu mwisho wake kilo ishirini na tano.

Fomu ya ofisi ina mahali pameandikwa Changamoto,
mistari mitatu, midogo.
Nimejaza: Hakuna.
Nimeifuta. Nimejaza tena: Hakuna.

Wa Khuleta amepanda gramu mia.
Sikufanya lolote; nyanya yake ndiye aliyemkorogea uji wa mtama.
Lakini Khuleta alinishika mkono mbele za watu,
nami sikuutoa.

Jana mama alipiga tena, na ulimi ukaniteleza.
"Mama, yeo sijisikii vizuri."
Kimya kirefu, nikasikia jogoo wa kwetu.
"Yeo," akauliza, "ndiye nani?
Amekufanya nini?"

Nilikuwa bado na simu sikioni
Bi Mwanashee aliponiita kutoka chini:
"Ndoo!"

Sasa najua. Miezi saba, najua vizuri.
Nikaichukua ile ndoo nyuma ya mlango,
nikashuka nayo, taratibu,
tupu, ikigonga ngazi moja moja,
nikingoja nisikie atakayeanza kuteka.