Kipimo cha Chumvi

Sisi husema fulani amekula chumvi nyingi,
tukimaanisha miaka.
Huko Kamisawa, kijiji cha bondeni katika milima ya Japani,
ambako theluji huja Desemba ikasahau kuondoka,
waliila kwelikweli,
konzi kwa konzi, pipa kwa pipa,
na sabini hawakuiona.

Gonpachi seremala, hamsini na tisa:
alianguka chooni usiku wa baridi,
mkono ungali umeshika mlango.
Mke wa mwenye duka la mafuta ya taa, hamsini na nne.
Mwalimu wa hesabu, katikati ya kuzidisha.
Karibu kila nyumba ilikuwa na godoro moja
lisilokunjwa asubuhi.

Ndipo muuguzi Hatsue alipoitisha mkutano shuleni.
Hakuja na daktari. Alikuja na sufuria.
Kila kaya kumi, akasema, zitoe mama mmoja.
Kura ikamwangukia Kinue,
ambaye alikuwa amefuata joto la jiko tu.

Wakampa daftari, aproni, na kipimo:
kijiti cha kuchovya kwenye supu
na sindano iliyotetemeka
kama mtu mwenye neno la aibu kooni.
Akakijaribu kwanza kwake.
Supu ya miso, mapishi ya mama mkwe,
ikaisukuma sindano mpaka namba zikaisha.
Akakifuta kijiti kwa aproni.
Hakuandika kitu.

Nyumba ya kwanza walimkaribisha chai
na sahani tatu za achari ya majani.
Kukataa ni matusi; kula, je?
Alichukua kipande kimoja
akakitafuna muda mrefu mno
hata wenyeji wakacheka,
na katika kucheka huko, bakuli likasogezwa lipimwe.

Nyumba ya nne, Yasoji mkata magogo hakufungua mlango wote.
"Miezi mitano barabara imezikwa.
Ulitaka nile nini, barafu?
Baba yangu alikula hivihivi."
Kinue alimkumbuka baba yake.
Alikumbuka hata urefu wa jeneza.
Akanyamaza, akachukua koleo ukutani,
akaparua theluji ya kizingitini, akaenda zake.
Wiki ya pili akarudi. Koleo.
Ya tatu, Yasoji akatoka mwenyewe na bakuli mkononi,
uso kando:
"Pima basi, nipumue."

Mambo hayakwenda kwa mkupuo.
Kuna waliopunguza mbele yake
na kuongeza alipopinda kona.
Kuna aliyemwita mpelelezi wa vyungu.
Lakini figili zilizidi sufuriani, uyoga ukazidi,
mchuzi ukapungua;
bakuli tatu kwa siku zikawa mbili, kisha moja.
Na saa kumi na mbili unusu asubuhi
redio ya shule ilipolia,
watu wazima wakanyoosha mikono uwanjani,
wakiona haya kwanza, kisha wakisahau haya,
pumzi zao zikipanda nyeupe kama moshi wa majiko mengi.

Nyumba ngumu kuliko zote ilikuwa yake.
Mama mkwe, Mitsuno, upande mmoja wa mdomo
ulikuwa umelala tangu vuli.
Kinue alimlisha kwa kijiko.
"Haina kitu," alisema bibi siku ya kwanza.
"Haina kitu," siku ya pili.
"Umeniondolea hata hiki?"
Kinue angemjibu nini?
Nakunyima chumvi, mama, ili uile nyingi?
Lugha yao haina mchezo huo.
Akapangusa kidevu, akaongeza uyoga.

Leo theluji inadondoka kutoka paani, vipande vizito.
Daftari liko wazi, ukurasa wa kwanza,
mstari wa kwanza, ule aliouruka,
na Kinue ameandika jina la nyumba yake
na namba ile ya zamani, yote, bila kuipunguza.
Kule chumbani sauti inasema, "Haina kitu,"
kisha kijiko kinakwaruza
chini ya bakuli.