Zamu ya Usiku

Saa nane. Himbi haina umeme.
Kahambu anasoma sindano ya matetemeko
kwa tochi ya simu.
Nyiragongo unakoroma tu.

Zamani, kabla lava haijawa mtaa,
mashimo mawili meusi yalizungukana
mbio, mbio zaidi, hadi
yakamezana: asibaki mlaji, usibaki mlo.
Uzito wa majua matatu
ukageuka mawimbi ya anga lenyewe.

Usiku huu yamefika. Yamepita
ukuta wa mawe ya volkano,
kilo mbili za maharagwe,
mbavu zake; yakamrefusha, yakamfupisha,
kwa kipimo ambacho mbele yake
unywele ni mlima.

Sindano haikushtuka.

Alfajiri anamwachia Paluku daftari.
"Nilipitiwa kidogo," anasema, akipiga miayo.

Kweli. Alipitiwa.