Mbao ya Tano

Mbeta, kabla ya kukinga ulanzi,
ilikuwa kwanza bunduki yetu.
Tulitia punje ya njegere, tukapuliza.
Kipande cha shubiri moja: njegere ilidondoka miguuni.
Cha urefu wa mkono: ilimfikia jogoo wa mama Chengula,
akalalamika hadi jioni.
Ditram akakata mwanzi uliomzidi kimo,
akajaza kifua, akapuliza hadi macho yakamtoka,
na njegere ikakwama humo humo, karibu na mlango,
imechoka, inasubiri kutikiswa.

Nimeyakumbuka hayo baada ya matanga ya baba,
kaka zangu walipogombania bunduki mbili
kabla hazijapelekwa polisi Mafinga kuandikwa upya.
Zote pointi ishirini na mbili, za nungunungu na ngedere.
Ndefu, mtutu inchi ishirini na sita.
Nyingine inchi kumi na sita, kitako kimefungwa waya.
Ditram akasema ndefu ni ya mkubwa,
kwani urefu ndio nguvu, nani asiyejua?
Fulko hakusema. Alikuwa anachokonoa matope kwenye kiatu.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha mbao.
Sijui hotuba. Nilileta mbao za paini,
inchi moja moja, nikazipanga kama vitabu
kwenye uwanja wa shabaha wa kampuni ya chai.
Mtweve, mlinzi mkuu, akaongeza bastola yake,
mtutu wake hauzidi kidole cha kati.
Ukungu ulikuwa bado umelalia chai.
Risasi nilizipasha kwapani, kama mayai.

Risasi hii, nikawaambia, haigongwi moyoni.
Hugongwa pembeni, kwenye ukingo wa ganda,
ndimo moto ulimofichwa
kama hela ya mama kwenye pindo la kanga.
Na baruti yake ni kidogo,
haijazi hata kijiko cha chumvi.

Bastola ya Mtweve ilipiga kelele kuliko zote,
moto ukaruka nje, mwekundu, haujamaliza kazi.
Mbao tatu. Ya nne haikujua kitu.

Bunduki ya waya: mbao tano,
na mwanga wa asubuhi ukachungulia tunduni.

Ditram akalala kifudifudi, akaivuta ndefu begani.
Ikalia kama mtu aliyefunga kitabu.
Mbao nne. Ya tano ilivimba mgongo tu, haikutoboka.
Akarudia. Mgongo ukavimba pembeni.
Akarudia mara sita, akisingizia upepo,
na upepo haukuwepo.

Ni ile njegere, nikasema.
Pumzi inaisha mtutu haujaisha.
Zile inchi za mwisho hazisukumi,
chuma kinaisugua risasi bure.
Ditram akanitazama kama nimemtukana baba.

Labda nilimtukana. Njiani nilijiuliza:
mtu aliyehesabu kila senti ya mbolea
alitoa ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya chuma cha ziada?

Mama alikuwa jikoni anamenya viazi.
Kamwene, tukasema. Akaitikia bila kuinua kisu.
Mmeshapiga? Nimesikia mlio mmoja tu mkubwa.
Nikamweleza mbao, nikamweleza baruti.
Aliijua hiyo, akasema. Aliipima kwenye magogo.
Fupi ilikuwa inapenya, lakini inabweka.
Nungunungu walikuja usiku, viazi viko nyuma ya dirisha,
na wewe, Leokadia, hukuwa mtoto wa kulala.
Miezi minane unalia. Ukisinzia, yeye hakohoi.
Ndiyo akaenda Ifunda na ng'ombe,
akarudi na huo mrefu.

Ganda la kiazi lilikuwa linashuka, halikatiki.
Fulko akainuka, akaichukua ya waya.
Ditram akaigusa ndefu, akaondoa mkono.
Kisha wote wawili wakanitazama,
nami nikaomba kisu kingine, nikakaa kumenya.