Mji Mmoja

"Hapo zamani, katika mji mmoja,"
ndivyo alivyoanza Mwantumu Sengasu, Kidato cha Pili B,
nami kwa wino mwekundu nikauliza pembeni: Mji gani?
Mvua ilikuwa inapiga bati za Makorora
hata darasa zima likawa linasoma midomo yangu.

Ubaoni niliandika, wakanakili:
Mandhari ni mahali na wakati wa tukio.
Tashbihi hufananisha, kwa kama, kwa mithili ya.
Tashihisi hukipa uhai kisicho nao.
Wakaimba. Wote walijua. Nne kwa nne.

Jumatatu akarudisha daftari.
Mji umekuwa Tanga. Tanga imekuwa Ngamiani,
Ngamiani imekuwa barabara ya kumi na tano,
nyumba ya pili ukishapita mashine ya kukoboa,
saa nne na nusu usiku, umeme umekatika toka magharibi.
Mlango hauna komeo, una kamba ya mkonge,
na kamba imepigwa fundo jepesi,
la kufunguliwa na mtu aliye nje.
Ukutani, baiskeli. Haina mnyororo.
Tandiko limefutwa vumbi.
Mama anapakua sahani nne.
Moja anaifunika.
Basi. Insha imekwisha.

Nikaipitia tena, kalamu mkononi,
nikilisaka neno huzuni. Halimo.
Neno baba halimo.

Nikamwita. "Tashbihi iko wapi? Mtihani utaidai."
Akatazama viatu vyake.
"Niliitafuta, mwalimu.
Ile baiskeli ya baba haikufanana na kitu."

Miaka kumi na tisa nafundisha
kwamba mandhari ni jukwaa, wahusika wapite juu yake.
Sikujua jukwaa laweza kuachwa peke yake
na likaendelea kungoja.
(Hapo nimetumia tashihisi. Kazi haimwachi mtu.)

Husemwa Tanga, waja leo, waondoka leo.
Haijasemwa aliyebaki
atafunika sahani mpaka lini.

Wino mwekundu haufutiki.
Chini ya swali langu la kwanza, Mji gani,
nimeandika: Nimeuona.
Alama bado sijaweka.

Jioni nilizungukia barabara ya kumi na sita,
ingawa kwangu ni kupitia ya kumi na tano,
daftari likiwa kwenye kapu la baiskeli.
Njia nzima niliusikia mnyororo.