Kisanduku cha Saba

Mfuko wa marehemu Orpha Gilley umetuleta fomu.
Kurasa nne, wino wa buluu tu, mwisho Ijumaa.
Mimi karani najaza: jina la shule, wilaya,
jimbo la Kentucky, wanafunzi mia mbili na kumi na mmoja.

Cha pili: fedha zimetumikaje.

Tumeing'oa kengele.
Ililia kama king'ora cha usiku ule
mto ulipopanda ngazi bila kubisha hodi,
na kila ilipolia, Rylan wa darasa la pili
alikuwa chini ya meza, viatu mkononi.
Tulimwandikia: mkaidi, mkaidi, mtoro.
Hakuna aliyeuliza habari za viatu.
Siku hizi Bwana Estill, mfagizi,
hupita mlango kwa mlango, hugonga taratibu,
husubiri aitikiwe.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi tuliyazoa, kwa ndoo, darasa baada ya darasa.
Yaliyobaki ndani ya watoto
hayakuacha alama ukutani.

Cha tatu: mafunzo.
Siku sita na mama mmoja kutoka Lexington
aliyetufundisha, zaidi ya yote, kunyamaza.
Verlene Stidham, miaka thelathini ya chaki,
alisema huku ni kudekeza.
Siku ya nne alitoka, akaketi garini,
injini ikiunguruma, gari haliendi.
Aliporudi hakutuambia kitu.
Alifuta ubaoni orodha ya watukutu.

Cha nne, cha tano, risiti. Nimezibana.

Cha sita: maoni kuhusu mfadhili.
Aliuza misumari kwa ratili, mjane,
na mwanawe wa pekee vidonge vilimchukua.
Hilo mji mzima unalijua.
Lisilojulikana liko kabatini kwangu,
droo ya chini, jalada limevimba kwa unyevu:
Gilley, Dwayne. Darasa la tatu.
Mkaidi. Mkaidi. Mtoro.
Mwandiko ni wa aliyekuwa karani kabla yangu,
lakini ungeweza kuwa wangu.
Nimeacha pengo hapo.

Cha saba ni kidogo kama ukucha:
idadi ya watoto waliopona.

Nambari sina.
Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri.
Nimeandika pembeni, herufi zikipanda juu ya mstari:
Rylan alikwenda dirishani kuitazama.
Alisimama kitambo.
Viatu vilikuwa miguuni,
kamba moja haijafungwa.