Herufi ya Kuazima

Treni ya kutoka Zugdidi imekwama thelujini.
Mkuu wa stesheni kasema dakika arubaini,
kasema tena arubaini, kisha kafunga kidirisha
akaenda kuvuta sigara na mbwa wa Khashuri.

Nami nina kurasa kumi na tisa mapajani,
maelekezo ya mashine ya kufulia,
Kituruki nimekigeuza Kigeorgia kifungu kwa kifungu:
usifue sufi kwa maji moto,
hakikisha paka hayumo ndani.
Bwana wa Trabzon ataka kazi kabla ya saa sita.
Sasa ni tano na ushei.

Laptopu yenyewe ukubwa wa sahani.
Shangazi Lamara aliinunua mkononi mwa mtu, Thesaloniki,
alikokuwa akimwogesha bibi wa watu miaka saba.
Bawaba nimeifunga kwa uzi wa fundi viatu.
Kitufe cha Z kiling'oka zamani, limebaki pengo,
kama la mtoto, ila hapa haliti jino.

Nafungua. Nani yupo hewani?
Majina yanapanda moja moja:
Reli Bure. Famasi. Kwa Gocha Usiguse.
Reli Bure yanikaribisha kwa ukurasa wa buluu.
Kwetu mgeni hupewa divai kabla hajaulizwa jina;
huyu kanipa jembe mlangoni:
jina lako, simu yako, ulizaliwa lini,
kubali masharti, kurasa thelathini na moja,
ngoja ujumbe wenye tarakimu.
Nimekubali. Nimengoja.
Kiduara kinazunguka kama ngamia wa kinu,
na mafuta hayatoki.

Kibandani mama anauza chai na mikate ya maharage.
"Hiyo ya reli," asema, "hata wenye reli hawaitumii.
Ingia yangu."
Achana karatasi ya kufungia mkate,
achomoa penseli sikioni, aandika:
zhuzhuna59.
"Jina langu hilo. Na mwaka.
Usianze kuhesabu."

Z mbili!
Nacheka, naye acheka bila kujua tunacheka nini.
Namwonyesha pengo.
Ainama, miwani kwenye paji, anukia kitunguu saumu:
"Basi iazime. Mtu akikosa chumvi si huenda kwa jirani?"

Kwa jirani. Napekua mafaili ya kale ya shangazi:
dawa za bibi wa watu, nauli za basi,
na barua ya mstari mmoja, haikumaliziwa,
Kigeorgia kwa herufi za Kilatini, alivyozoea:
gza mshvidobisa.
Njia iwe na amani. Ndivyo tunavyoagana.
Sijui alikuwa akimuaga nani.
Nainakili Z kutoka ndani ya njia,
naibandika mwanzo wa Zhuzhuna, naibandika tena katikati,
nikirudi kutazama, kwa shangazi bado ipo,
haikupungua.

Imeshika!
Kurasa zinaondoka kwa kujikongoja,
asilimia arubaini, sitini, tisini na moja,
na hapo ndipo treni nayo ikaona ifike.
Nakimbia jukwaani, laptopu wazi mikononi
kama sinia ya mayai,
mama Zhuzhuna nyuma yangu na chai niliyoilipia,
barafu inateleza, kondakta anafoka,
tisini na sita,
mguu mmoja ngazini, mguu mmoja Khashuri,
tisini na sita,
"Panda, binti, au baki!"
Nikapanda.

Kama ilifika, Trabzon itasema kesho.
Chai ilifika nusu.
Gori, Kaspi, kila stesheni tunayoipita
taa zinakuja, taa zinaondoka,
na hiki kimashine, bila kuambiwa,
kinaamka kidogo mapajani mwangu,
kinapapasa gizani
kumtafuta Zhuzhuna.